Maharage ya Watu

Mimi Kiingereza nakijua. Wenzangu pale chuoni Kasulu wakinisikia nikianza hivyo watashika mbavu, maana wananifahamu, lakini ukweli ndio huo. Baba yangu, Mzee Athuman, alikuwa na duka la sare za shule karibu na soko la Kasulu. Mama ni wa Pangani. Na mimi Zuhra, binti yao, nilikua nikiuza vifungo na nyuzi huku kamusi imefunguliwa juu ya kaunta. Kwa hiyo ukitaka kunipandisha hasira, niulize jambo la Kiingereza ambalo jibu lake sina.

Aliyefanya hivyo alikuwa Vestina, mwanafunzi wangu wa ualimu, mwanamke wa miaka ishirini na sita ambaye mpaka siku ile sijui kama alikuwa amenyoosha mkono hata mara moja. Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nafundisha misemo, na ubaoni nilikuwa nimeandika *no mean feat*. Niliwaeleza kwamba Mwingereza akitaka kuisifu kazi iliyomtoa mtu jasho, hasemi kuwa ni kubwa. Anasema tu kuwa si ndogo, na anayesikiliza anaelewa kwamba hapo mtu amesifiwa kweli. Nikatoa mifano yangu ya kila mwaka: kupanda Mlima Kilimanjaro, kushinda mbio za marathoni, kujenga daraja juu ya bahari. Wakaandika.

Vestina akanyoosha mkono na kuniuliza, kwa heshima zote, kama mtu anataka kusifu kwa nini asisifu moja kwa moja. Nilimwambia akawaulize Waingereza wenyewe. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani swali lile lilikuwa bado limenikaa kooni. Nimefundisha msemo ule miaka kumi na miwili. Sikuwahi kujiuliza.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu. Nilidhani amekuja kunidai jibu, kumbe alikuja na shida yake. Mama yake, Esteri, alikuwa analima eneo dogo bondeni, katika kijiji kimoja kati ya Kibondo mjini na mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Eneo ni la kijiji. Yeye amepewa kulitumia tu, msimu kwa msimu. Sasa halmashauri ya kijiji ilitaka kulitoa kwa kikundi cha wakulima wa mahindi, isipokuwa kama ingeonekana kwamba maharage ya Esteri yana umuhimu wake. Kuna shirika la mbegu lilikuwa linamtuma mtaalamu, mwanamke wa Kiethiopia asiyejua Kiswahili. Akikuta aina ishirini au zaidi za mbegu za asili, angeandika barua, na kwa barua ile kijiji kingemwachia Esteri bonde lake. Zikiwa chini ya ishirini, hakuna barua. Walihitaji mkalimani.

Nilimwuliza kwa nini asikalimani yeye mwenyewe, Kiingereza chake si kibaya. Vestina akatazama vidole vyake, akasema kwao mtoto hamsemei mama yake mbele ya mgeni.

Nilikubali, na nitasema kwa nini: nilijisikia. Jumamosi alfajiri tukapanda basi la Kibondo. Njiani Vestina alianza kunieleza habari za mbegu za mama yake nami nikamkata kauli. Nilimwambia mkalimani mzuri haendi na jibu mfukoni. Anasikia, anatafsiri, haongezi wala hapunguzi. Nikamsomea somo zima la ukalimani mpaka tulipoteremka na kuchukua bodaboda.

Mama Esteri tulimkuta uani, amefunga kitenge kilichopauka kwa kufuliwa. Ana miaka hamsini na kidogo. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa amebebwa mgongoni, uraia akaupata akiwa na wajukuu, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa Kirundi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akaanza salamu zake mwenyewe, amahoro, akipiga makofi polepole na goti limekunjwa kidogo, akiuliza habari za nyumbani kwangu, za njiani, za mama yangu aliyeko Pangani ambaye hajamwona maishani. Mimi mtoto wa watu wa pwani, nisiyemaliza salamu bila kutazama saa, nilijikuta nimetulia.

Mtaalamu alifika saa sita na gari jeupe, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nkunzimana. Alikuwa mwanamke mwenye haraka lakini si mwenye dharau. Wingu lilikuwa limeshajaa upande wa mpaka, na dereva alikwisha sema kwamba mvua ikishuka ule mteremko wa udongo mwekundu hautapandika. Kwa hiyo tukakaa pale pale uani, yeye na fomu yake magotini, na mimi katikati, nimekaa wima kama bibi harusi.

Swali la kwanza lilikuwa kwamba anapanda aina ngapi za maharage. Nikalitafsiri. Mama Esteri akainamisha macho, akanyoosha pindo la kitenge chake.

"Ni vimaharage viwili vitatu tu, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe.

Nikatafsiri: viwili, vitatu. Mtaalamu akaandika. Akauliza mbegu ni za nani. Mama Esteri akasema ni za watu. Akauliza zinatumika kwa kazi gani, na mama akamtazama kwa mshangao kidogo, akajibu kwamba maharage ni ya kula. Yote nikayatafsiri kama yalivyo. Sikuongeza neno, sikupunguza neno, na moyoni nilikuwa najipongeza.

Mtaalamu akafunga fomu. Aliniambia nimshukuru mama kwa muda wake; alikuwa ameambiwa mengine, lakini watu wa ofisini huambiwa mengi. Hakukuwa na haja ya kushuka bondeni kwa aina mbili tatu, tena na mvua ile. Mzee Nkunzimana hakuhitaji tafsiri. Alisema taratibu, bila furaha yoyote, kwamba basi baada ya mavuno haya kikundi cha mahindi kitaingia. Na Mama Esteri akasema ni sawa. Akapiga makofi yale yale ya polepole, akiwaaga wageni wake.

Nilimkasirikia. Naomba nisifiche. Nilimwona mtu mzima aliyeulizwa maswali matatu mepesi, na bahati yake imesimama mlangoni, akaifukuza mwenyewe kwa mkono wake. Nilitoka Kasulu alfajiri kwa ajili ya vimaharage viwili vitatu! Nikamgeukia Vestina nimweleze yaliyonijaa, na nikamkuta analia, kimya, machozi yanashuka mpaka kidevuni na yeye hayafuti.

"Madamu," akasema. "Mama hahesabu."

Maneno mawili tu, na mimi nikarudi dukani kwa baba.

Kila mwezi wa kwanza walikuja akina mama kutoka Heru Juu na vijiji vyote vya pembeni kununua sare. Mfanyakazi mgeni angewauliza, mama, una watoto wangapi wa shule? Na mama angejibu, tunao. Au angesema, ni hawa hawa. Hakuna aliyetaja idadi. Kwao kitu unachokipenda hukihesabu kwa mdomo mbele za watu, watoto, ng'ombe, mizinga ya nyuki, maana ukikihesabu umekionyesha kwa mabaya yanayopita. Na baba yangu, mtu wa pwani, alikwisha lijua hilo tangu siku zake za mwanzo Kasulu. Hakuuliza ni wangapi. Aliuliza wanaitwa nani. Mama angetaja jina moja moja, kwa raha zake, huyu mrefu, huyu bado mdogo, na baba angekunja vidole chini ya kaunta mpaka amalize, kisha akatoa sare za kuwatosha wote. Nimeyaona hayo mamia ya mara. Nilikuwa nimesimama pale pale na kamusi yangu.

Nikaona aibu, na aibu yangu mimi ina miguu. Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango wa gari, dereva akiwa ameshawasha. Nikamwambia mtaalamu kwamba kosa ni langu. Maneno nimeyaleta yote, mama nimemwacha nyuma. Nikamwomba dakika kumi, tushuke bondeni, na asiulize swali hata moja; ashike kalamu tu na kuchora kistari kila atakaposikia jina la mtu. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Kisha akatazama wingu, akatazama viatu vyake, akavivua.

Tukashuka. Bonde lilikuwa kijani kitupu, maharage yamefika magotini na yanatoa maua, na mtu asiyejua angesema ni shamba moja la kitu kimoja. Lakini kila mstari ulikuwa na kijiti mwanzoni, na kila kijiti kimefungwa kipande cha kitambaa, hiki cha bluu, hiki cha njano chenye samaki, hiki kimebaki nyuzi tu. Nilidhani ni vya kufukuza ndege. Mama Esteri alitangulia, miguu yake ikijua pa kukanyaga.

"Mama," nikamwuliza, "hawa ni akina nani?"

Akanitazama. Nadhani alielewa kwamba nimeelewa, maana uso wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema bila kuinamisha macho.

"Huyu ni Niyomwungere, wa Ruyigi," akasema, ameshika kile kijiti chenye samaki. "Maharage yake ya njano, yanaiva upesi, hayataki moto mwingi. Huyu Manirambona, wa kule Cankuzo. Huyu ni bibi mmoja wa Makamba, tulimwita Nyina wa Saady. Yake ni meusi. Mvua ikizidi yanakasirika."

Akaendelea hivyo, mstari kwa mstari, na mimi nikawa natafsiri huku nyuma yake, nikijikuta nasema kwa sauti ya chini kama niko msikitini. Kambi ilipofunguliwa tena mwaka wa kumi na sita, wanawake hawa walikuja na mbegu za milimani kwao, zimefungwa pembeni mwa kanga, kwenye soksi za mtoto, ndani ya kifuniko cha sufuria. Mama Esteri alikuwa akiwauzia mihogo kandokando ya kambi. Ilipofungwa, wengine wakarudi kwao na wengine wakahamishiwa kambi nyingine, mzigo ni ule unaobebeka, na hakuna aliyejua kama atakapofika atakuta shamba la kupanda. Ndipo mmoja akamwachia mkono mmoja wa maharage akasema, nitunzie. Akachana pindo la kitenge chake liwe alama, kwa sababu Mama Esteri hajui kusoma. Kesho yake wakaja wengine.

Maharage hayatunziki kwa kuyaweka. Ukiyaacha miaka miwili mitatu kwenye chupa, hata na majivu, siku ukiyapanda mengi hayaoti. Lazima yapandwe, yavunwe, yachaguliwe, yarudi kwenye chupa, kila moja peke yake, yasichanganyike hata punje. Yeye amefanya hivyo kila msimu tangu kambi ifungwe, kwa jembe moja na magoti yake mawili. Alipougua malaria msimu mmoja, alipanda akiwa amekaa chini, akijisogeza. Hilo hakulisema yeye, alilisema Mzee Nkunzimana aliyekuwa nyuma yetu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema alimwona akadhani mama wa watu amepungukiwa akili.

Mvua ikaanza matone. Hakuna aliyekimbia. Mimi mikono yangu ilikuwa chini ya mtandio, vidole vinakunjika na kukunjuka kama vya baba, na jina la mwisho, Ndihokubwayo wa Rutana, lilipotajwa, nilikuwa na arobaini na moja. Nikamtazama mtaalamu. Vistari vyake vilikuwa vimelowa lakini vinasomeka, naye alikuwa anavirudia kwa ncha ya kalamu. Hakutamka idadi. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Alisimama, miguu mitupu kwenye tope. Kisha akasema, na hakusema kwangu, alimtazama Mama Esteri machoni: "*This is no mean feat.*"

Wallahi! Kilimanjaro changu chote, na medali, na daraja, vilianguka pale bondeni. Nyuma yangu nilimsikia Vestina anavuta pumzi, maana naye aliyatambua maneno yale ya ubaoni. Na Mama Esteri alikuwa ananisubiri nimwambie mgeni amesema nini.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ningemwambia kwamba mgeni amesema umefanya jambo kubwa sana, angeinamisha macho tena, angekana, angesema ni vitu vidogo tu, na angekuwa na haki, kwa sababu kwao mtu humpaki sifa usoni mbele ya watu. Nilikuwa nimeshuhudia jinsi anavyozikwepa. Nikayachukua maneno ya mgeni kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na safari hii ndivyo yalivyotakiwa.

"Mama, anasema hii si kazi ndogo."

Mama Esteri akafikiri. Akatazama ile mistari yote, mpaka ule wa mwisho kwenye matete, akiipima kazi yake kwa haki kama anayepima ya mtu mwingine.

"Eeh," akasema. "Hapo amesema kweli. Ndogo, si ndogo."

Akacheka. Na sisi tukacheka, mwenyekiti naye, mtaalamu naye bila kujua tunacheka nini. Nilimtazama Vestina, nikamwambia jibu lake la swali lile ndilo hilo, nisamehe nilichelewa. Kuna watu ukiwasifu moja kwa moja unawafungia mlango. Ukiwaambia tu kwamba si dogo, unawaachia nafasi ya kuingia wenyewe.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, mtaalamu aliniomba niulize jambo moja tu, la mwisho. Katika mistari ile, wa Mama Esteri mwenyewe ni upi? Nikauliza, nikitarajia aonyeshe nyuma.

"Wangu?" akasema. "Wangu nilikosa pa kuupanda. Yalikuwa maharage ya mama, mekundu, alivuka nayo pamoja na mimi. Mwaka wa pili bonde lilijaa, nikasema yangu yapumzike. Nilipokuja kuyarudia hayakuota."

Alisema hivyo bila kulia, akinishika mkono nisiteleze. Nilitafsiri nusu, sauti ikagoma. Nusu nyingine alimalizia Vestina, kwa Kiingereza safi, akimsemea mama yake mbele ya mgeni, na hakuna aliyemkataza.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Kijiji kilimwachia Mama Esteri bonde, na Mzee Nkunzimana akaongeza kipande cha juu, karibu na njia, akawapeleka watu wa mahindi ng'ambo ya bonde. Mwezi wa saba nikaenda tena, safari hii bila kuitwa, na sukari kilo mbili na kanga kutoka kwa mama. Tulikuwa uani tukichagua mbegu, naokota punje kwa umakini ambao sijawahi kuuweka kwenye mtihani wowote, alipoingia mwanamke mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alisimama. Alianza kupiga makofi ya salamu na hakuweza kuyamaliza.

Alikuwa Niyomwungere. Huko kwao Ruyigi ameshapata shamba. Alikuja kuuliza, alisema, kama labda, kwa bahati, hata punje tatu.

Mama Esteri aliingia ndani akatoka na kidumu cha lita tano kilichojaa maharage ya njano, shingoni kimefungwa kitambaa chenye samaki. Mwanamke yule alikipakata kama mtoto. Alipoweza kusema alianza sifa, kwa Kirundi, kinachokaribiana na Kiha nilichokulia nacho Kasulu, maneno makubwa makubwa, ya Mungu na ya mama mzazi na ya ng'ombe, na nilimwona Mama Esteri anainamisha macho, anatafuta pa kujificha. Kisha Niyomwungere akauliza yale mekundu ya kwako, mama, uliyotupikia siku ile ya kuondoka, bado yapo? Mama Esteri akatikisa kichwa.

Niyomwungere akafungua kidumu. Akachota mkono mmoja, akaumimina kwenye kiganja cha Mama Esteri, akamfunga vidole. Alisema hayo ayapande kule juu karibu na njia, kwenye kipande kitupu alichokipita akija, mwanzo wa mstari, na kijiti chake akifunge kitambaa cha kitenge chake mwenyewe, maana hayo sasa si ya kutunza. Ni yake. Akaanza tena zile sifa, na mama akamwinulia kiganja kumnyamazisha.

"Ngoja," akamwambia. Akanigeukia mimi, macho yamelowa na mdomo unacheka. "Mwalimu. Mwambie lile la mgeni."

Nikamwambia.